Kopo la Dawa za Mabaki na Mtoto wa Mdogo Wangu

Admin, naomba ufiche jina langu, maana huku Mwanza tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, mjane, naishi Igogo. Haya ninayoandika sikuwahi kumwambia hata marehemu mume wangu, na tulikuwa tunaambiana yote, hadi ya aibu.

Miaka ya tisini, enzi za ruksa, maduka ya dawa yalifunguliwa kila kona. Nikapata kazi ya kuuza kwenye moja. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba na mafunzo kidogo ya huduma ya kwanza. Nikashonesha koti jeupe kwa fundi, basi watu wakaanza kuniita daktari, na mimi nikaitika. Kichwa kilinivimba jamani.

Chini ya kaunta nilikuwa na kopo la maziwa ya unga. Akina mama wa viwanda vya minofu ya samaki wakipata nafuu kabla dawa hazijaisha, niliwaambia wasitupe, waniletee. Mabaki hayo niliwagawia bure wasio na uwezo, vidonge viwili kwa huyu, vitatu kwa yule. Nilijiona mtu wa Mungu kabisa.

Mdogo wangu, nitamwita Regina, alikuwa na binti wa miaka mitatu, nitamwita Neema. Neema akaanza kulia kila akikojoa. Anashika ukuta, anakanyagakanyaga, homa inapanda. Majirani wakasema ni kichocho kwa sababu ya ziwa. Mimi nikasema ni UTI, na hapo sikukosea. Nilikosea nilipofungua lile kopo. Nilitoa kapsuli nne za antibiotiki, zile tulizoziita rangi mbili, nikamfundisha Regina kuzifungua, kugawa unga wake nusu kwa nusu na kumkorogea mtoto kwenye uji.

"Akiacha kulia, simamisha," nikamwambia. "Zinazobaki tunza, akiumwa tena umpe."

Siku mbili mtoto akatulia. Baada ya wiki chache ugonjwa ukarudi, tukampa tena. Ukarudi tena. Tulienda hivyo karibu mwaka mzima, na kila mara dawa ilichelewa zaidi kumtuliza, mpaka ikafika siku haikumtuliza kabisa. Akavimba uso, akawa hatambui mtu. Tukambeba mbio hospitali.

Daktari, kijana mpole, akamuuliza Regina, "Mama, huko nyumbani mmempa dawa gani?"

Regina akanitazama. Nilikuwa nimesimama palepale na koti langu jeupe, nimetoka nalo kazini. Nikaangalia chini.

"Hajanywa dawa yoyote, daktari," akajibu.

Kwa jibu hilo wakamwanzishia dawa ileile tuliyokuwa tunampa sisi. Mkojo wake ukapelekwa maabara, tukasubiri siku tatu. Majibu yalipotoka daktari akatuita, akatuonyesha karatasi yenye orodha ya dawa, na mbele ya karibu kila dawa imeandikwa herufi R.

"Bakteria hawa wamezizoea dawa hizi," akasema. "Hata hii tuliyoanza nayo haiwafanyi kitu. Imebaki ya sindano tu. Ninachoshangaa, mtoto ambaye hajawahi kutibiwa amewapata wapi?"

Mimi nilijua. Siku tatu zile mtoto aliteseka bure, na ningeweza kuzizuia kwa kufungua mdomo mara moja tu.

Neema aliishi, ila figo zikabaki na makovu. Nje ya wodi nikamuuliza Regina kwa nini alisema vile. Akaniambia, "Dada, wewe ndiye unayewalisha baba na mama. Ukifungwa watakula nini?" Nikakubali haraka haraka, sitawadanganya. Kopo nikalitumbukiza chooni, kazi nikaacha, nikaanza kuuza vitenge.

Mume wa Regina akamwita mzembe mbele ya ukoo wote. Mama gani anakaa na mtoto mgonjwa mwaka mzima bila kumpeleka hospitali? Nilikuwepo, nikanyamaza. Akamrudisha kwa wazazi wetu, ng'ambo ya ziwa kule Kamanga. Neema akabaki Mwanza, na aliyekabidhiwa kumlea ni mimi.

Leo Neema ni mwalimu. Mwaka jana presha ilimpanda, akaambiwa figo zimechoka, na daktari akamuuliza habari za utoto wake. Akapanda kivuko kwenda kumuuliza mama yake. Regina akamjibu, "Ni mimi mwanangu. Nilichelewa kukupeleka hospitali." Tangu siku ile Neema hajavuka tena. Hata namba ya mama yake ameifuta.

Regina naye sasa anaumwa. Mwezi huu nilikwenda kumwona, nikamwambia nataka kusema ukweli. Akanishika mkono. "Dada, acha. Mimi ameshanikosa. Akikukosa na wewe, nani atampeleka kliniki?" Nililia kivuko kizima wakati wa kurudi, abiria wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Jumapili iliyopita Neema aliniletea gauni. Anaolewa. Anataka nikae kiti cha mama kwenye sendofu yake. Nikajaribu kumwambia amfikirie mama yake mzazi, akanikatiza.

"Mama mkubwa, wewe ndiye mama yangu. Yule niliumwa mwaka mzima, hata kidonge kimoja hakunipa."

Nikaingia jikoni kama naenda kuangalia maharage, nikasimama huko mpaka yakaungua.

Gauni bado linaning'inia mlangoni, sijalijaribu. Nikisema, naogopa binti atabaki peke yake na ugonjwa wake. Nikinyamaza, mdogo wangu atazikwa na kosa langu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisemeni mtakavyo, nimestahili, lakini mkimaliza mnishauri pia: nilivae gauni hili, au kwanza nimshike Neema mkono tuvuke wote kwenda kwa mama yake?