Sala Niliyomwombea Ngege

Enzi zetu pale Luzira, Kampala, hakuna mtoto wa nyumba yetu aliyekula chakula cha moto. Si kwamba mama alichelewa kupika. Alipika mapema, akapakua, mvuke ukapanda, halafu baba akasema, "Tuombe." Hapo posho, ndivyo ugali unavyoitwa kule, ikaanza kupoa.

Sala yetu ya mezani ilikuwa safari ndefu. Tulianzia sebuleni, tukavuka mpaka wa Busia kurudi kwetu Kenya, tukamwombea bibi na mguu wake, shangazi mmoja mmoja kwa majina, na ng'ombe mwenye mimba. Kisha tukarudi Kampala kuiombea kazi ya baba, aliyekuwa akipakia mizigo bandarini Port Bell. Mimi nilifumba jicho moja tu. La pili lililinda kipande changu, maana dada yangu Rose alikuwa ameokoka mdomo, mikono bado.

Kila jioni mtoto mmoja alikuwa na zamu ya kuomba, na sheria ya baba ilikuwa fupi: "Asiyeomba, asile." Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akiingia, nilihamia nyuma ya mlango. Kwa hiyo zamu yangu Rose aliniombea, nami nikamwoshea masufuria. Niliosha masufuria karibu mwaka mzima kwa ajili ya imani yangu.

Jumapili moja akaja Mzee Ezekia kula kwetu. Alikuwa mzee wa kanisa, na Wakenya wote wa mtaa ule walimheshimu. Desturi yetu ilikuwa kwamba mtu wetu hazikwi ugenini, anarudishwa nyumbani. Kabla gari halijaondoka na jeneza, tulikusanyika uani, watoto mbele kwa sababu ya ufupi, na Mzee Ezekia akaomba. Maneno yake hayakubadilika hata mara moja. Sisi watoto tuliyajua kama tunavyojua jedwali la mbili.

Siku hiyo mama alikuwa amekaanga ngege, samaki mkubwa wa ziwani, mzima na kichwa chake. Alilala katikati ya meza, mdomo wazi, jicho likinitazama mimi.

"Mzee, hawa watoto wangu ni waombaji," baba akasema kwa fahari. Rose akakohoa, tayari kuanza. "Wewe Rose, tulia. Leo ataomba mdogo wako."

Nikishindwa, baba ataaibika mbele ya mtu anayemheshimu kuliko wote, na mimi nitalala njaa huku ngege akiliwa. Nikatafuta maneno, sikuyapata. Nilijua sala moja tu toka mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo iliyotoka.

"Baba wa mbinguni, tumekusanyika mbele ya mwenzetu huyu aliyelala hapa kimya."

"Amina," Mzee Ezekia akaitika kwa mazoea.

Nikapata nguvu. "Jana tulikuwa naye. Leo ametutoka."

"Ee Bwana."

"Amemaliza kazi yake hapa Kampala. Mvushe mpaka salama, askari wa forodha wasimsumbue, na wanaomsubiri uwape moyo wa kumpokea."

Safari hii hakuna aliyeitika. Nikafungua jicho. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia, nikajisifu moyoni kwamba nimeomba kweli kweli.

Mzee Ezekia akamtazama samaki, akanitazama mimi. Akagusa koo lake. "Mwanangu, mpaka wenyewe ni huu?" akauliza. "Basi usihofu. Atavuka."

Baba alicheka mpaka akashika meza. Lakini sheria ni sheria. "Bado hujaombea chakula," akasema akijifuta machozi.

"Mwambie Mungu ulicho nacho tu," Mzee Ezekia akaninong'oneza.

Nikafumba macho yote mawili. "Mungu, asante kwa samaki. Nina njaa. Asante baba hajakasirika. Amina."

Haijawahi kusemwa sala fupi kama ile nyumbani kwetu, na ngege tulimla wa moto. Rose akapiga kelele, "Kuanzia leo awe anaomba yeye!" Ikawa hivyo. Masufuria yakamrudia mwenyewe, na mimi zamu yangu nikawa naisubiri kwa hamu, kama watoto wengine wanavyosubiri Krismasi.

Vijana wa siku hizi, chakula kikifika wanainamisha kichwa, unadhani wanaomba, kumbe wanakipiga picha. Hata kuomba wanaombea kwenye simu. Mwaka huu Mzee Ezekia mwenyewe alifikiwa na zamu ya kuvushwa. Tulijaa uani kama zamani, na kijana wa kanisa akaanza kusoma sala kwenye simu yake. Kabla hajafika katikati, simu ikazima. Akaibonyeza, akaipuliza, akaitikisa. Dereva akatazama saa. Kila mtu akatazama chini.

Haya yangu bado ninayo. Lakini miguu ilinipeleka mbele. Nikashika jeneza, nikaomba yote, mpaka na askari wa forodha. Nilipofika mahali pa kuitikiwa nikanyamaza kidogo, nikimsubiri, ndipo nikakumbuka kwamba mwitikiaji ndiye aliyelala.

"Amina," Rose akasema nyuma yangu.

Gari lilipoondoka, baba akanisogelea na fimbo yake, akaniinamia sikioni.

"Leo umepatia," akasema.