Unga wa Mama

Juzi, kule Keko, nilimwona mama mmoja akiingia kanisani amekumbatia mfuko wa unga, nikaikumbuka Jumapili moja ya mavuno utotoni mwangu. Wenzetu walileta mbuzi na kuku, uwanja mzima ukanuka zizi. Sie tulikuwa na sembe kidogo. Shule ya Jumapili tulifundishwa kwamba Waisraeli wa kale waliteketeza wanyama, na harufu yake ikampendeza Mungu. Unga wetu haukunukia chochote.

"Mama, turudi nyumbani," nilimnong'oneza. "Huu hautafika kwa Mungu."

Mchungaji alinisikia. Akafungua Mambo ya Walawi, akaniambia, "Soma hapa, binti, wote wasikie."

Nikasoma. Mkosaji aliyeshindwa kumudu kondoo alileta njiwa wawili. Aliyeshindwa njiwa alileta unga, kuhani akateketeza konzi moja, ujazo wa kiganja, na mtu yule akasamehewa sawasawa na mwenye kondoo.

Leo naelewa kuwa sheria ile ilimfungulia maskini mlango. Siku ile nilichoona ni mama yangu akiinua kichwa, akipita katikati ya mbuzi na kuuweka unga wake madhabahuni, huku kanisa zima likimpigia vigelegele.