Mnyororo Ulionolewa Upande Mmoja

Mnyororo wa msumeno wa injini wa baba umenolewa upande mmoja tu, na umetundikwa hivyo msumarini tangu nikiwa darasa la tatu. Kila nirudipo nyumbani, nje kidogo ya mji wa Migori, harufu yake ya oili chafu na chuma hunipokea kabla mama hajanipokea.

Baba alikuwa mpasua mbao. Jioni alikaa mlangoni, msumeno katikati ya magoti, akanoa meno yote ya upande wa kulia, ndipo augeuze anoe ya kushoto. Jino la kuanzia alilitia alama kwa rangi ya kucha ya mama.

"Baba Akinyi, msumeno unarembwa kuliko mwenye rangi!" mama alilalamika.

"Nyar Kosele," baba alimjibu, akimwita binti wa kwao Kosele, "meno yako wewe hayahitaji tupa."

Nami, Akinyi mwenyewe, nilicheka, nikipuliza vumbi la chuma lililong'aa sakafuni.

Siku moja, alipomaliza upande wa kulia, tupa yake nyembamba ya mviringo ikakatika. Mjini hakupata ya unene ule. Akasema anakwenda Isebania, mpakani, atarudi kabla ugali haujapoa. Hakurudi. Alitafutwa hadi ng'ambo, Sirare. Hakuna aliyemwona, hai wala maiti.

Miaka ikapita. Ndugu yake, baba mdogo wangu, akaleta shauri: tuzike yago, lile tunda refu, zito, ambalo Wajaluo huzika badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana.

"Shemeji, tumpumzishe."

"Mimi niliolewa na mtu," mama alijibu. "Sikuolewa na tunda."

Nilidhani anangoja. Nikajivunia tumaini lake, nikawa nasikiliza mlango. Nilipoolewa mimi mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba mama aliacha kungoja mapema kuliko sisi sote. Yago lingezikwa, angekuwa mjane. Na mjane kwetu hurithiwa, mrithi akiwa huyo huyo mleta shauri. Aliuacha mnyororo pale ili kila aingiaye aone kazi ya mume ambayo haijaisha.

Juzi baba mdogo alikuja tena, sasa anatembelea mkongojo, na yago ndani ya gunia. Aliliacha nyuma ya ghala. Mama hajalizika wala hajalitupa. Asubuhi hulipita akienda kuchota maji, akilitazama linavyokauka.