Kopo la Majivu la Bibi Feza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuisahau, hata nikilala vizuri, hata nikila vizuri, na minye siku hizi ninakula vizuri. Wiki hii ndiyo imenirudia kwa nguvu, kwa sababu mmenikasirisha. Juzi nilipita Nyakabere kutazama vitunguu vyangu, nikakuta kando ya mfereji wa maji lundo la miche ya kabeji, miche mizuri, mizizi imejaa, imetupwa ife. Nikauliza ni ya nani. Kijana mmoja akanijibu bila kuondoa macho kwenye simu kwamba ni yake, amemaliza kupanda, hiyo imebaki, na akiwapa majirani soko la Uvira litajaa kabeji. Kisha akaniambia, kwa heshima kabisa, “Mzee, biashara ni biashara.”

Sikumgombeza. Usidhani ni upole. Ni kwa sababu maneno yale ni yangu. Niliyasema minye, kando ya mfereji uleule, nikiwa na umri kama wake na ujinga kuzidi wake. Basi keti nikueleze, na hiyo simu uiweke chini kidogo, haitakimbia.

Mimi watu wananijua. Fika Rugenge, uliza nyumba ya Patron wa Mboga, utaonyeshwa ile yenye bati la bluu na geti la chuma. Sikuijenga kwa diplome. Shule niliiachia primeri ya nne, na kalamu mpaka leo inanitoa jasho kuliko jembe. Niliijenga kwa nyanya, kwa vitunguu, kwa lengalenga, na zaidi ya vyote kwa nyanya chungu za marehemu mama yangu. Ndiyo, ninajisifu. Mtu asipojisifu kwa jasho lake, atajisifu kwa jasho la nani?

Nyanya chungu za mama hazikuwa kama hizi mnazoziona kila mahali. Zilikuwa nyeupe, kubwa kama yai la kuku, na ukizipika na ndagala wa ziwani, mgeni anasahau kuaga. Mama alipofariki hakuniachia ng'ombe wala nyumba. Aliniachia kipande cha shamba karibu na mto, na kichupa cha mbegu zile kilichozibwa kwa gunzi la muhindi. Hicho kichupa ndicho kilikuwa urithi. Na minye, kwa pupa yangu, nilikimimina chote kwenye kitalu siku moja. Sikubakiza hata mbegu ya kumpa ndege. Nilitaka nyingi, nilitaka haraka.

Miche ikaota hadi nikaogopa. Nikajaza shamba langu, na kitaluni bado ikabaki mingi kama nywele.

Sasa kuna jambo ambalo nyinyi mmeanza kulizika. Kule kwetu bondeni, mtu akimaliza kuhamisha miche yake, ile inayobaki haitupwi. Majirani wanakuja. Kila mmoja anakuja na kopo la majivu ya jiko lake mwenyewe, anamwachia mwenye kitalu ayanyunyize shambani kufukuza wadudu, naye anaondoka na fungu la miche limefungwa kwenye ganda la mgomba lenye unyevu. Majivu kwa miche, basi. Hakuna anayeuliza bei, na hakuna anayekataa.

Minye nilikataa.

Alikuja Byamungu, jirani yangu wa upande wa juu wa mfereji, mtu wa mizaha, kopo mkononi. Walikuja wamama kadhaa. Akaja Bibi Feza, rafiki ya mama, mzee tayari wakati ule, ambaye kila siku nilikuwa ninamwamkia nikiwa nimeinama. Nikawaambia wote warudi na majivu yao. Nikawaambia zile ni nyanya za mama yangu, nitaziuza peke yangu, biashara ni biashara. Halafu, ili asije mtu kuiba, nikang'oa miche yote iliyobaki na kuitandaza barabarani juani, mbele ya macho yao.

Byamungu akacheka, akasema ameona mtu akimwonea wivu mke, ameona mtu akiionea wivu baiskeli, lakini majani ndiyo mara ya kwanza. Bibi Feza aliokota gao moja, la kujaa kiganja, la ile miche iliyonyauka, akalitia kwenye kopo lake juu ya majivu, akaenda zake. Nikadhani anawapelekea sungura wake chakula.

Mwanangu, mavuno ya kwanza yalinitia wazimu. Uvira walizigombea, Kamanyola walizigombea. Nikanunua viatu vyenye ncha na miwani myeusi. Nikaacha kupika, kila siku ninakula kwenye resitora ya mama mmoja kando ya barabara, nimekunja mguu kama mheshimiwa. Watu wa rika langu wakaanza kuniita Patron, nami nikaitika. Kila wiki nilichuma zote, changa kwa kubwa. Za mbegu, za kuachwa ziive mpaka ziwe nyekundu, nilisema nitaziacha mwisho. Mwisho! Kana kwamba mwisho huwa unamwomba mtu ruhusa.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha milimani mchana, kwetu jua linawaka. Maji yakashuka yakiwa yamebeba mawe. Kabla sijafika shambani na ile miwani yangu, shamba halikuwepo. Ulikuwepo mchanga, mawe, na mti mzima uliolala pale nilipokuwa na matuta yangu mazuri. Mashamba ya upande wa juu, la Byamungu na la Bibi Feza, hayakuguswa.

Nikakaa juu ya jiwe nikahesabu nilichokuwa nacho. Kichupa kitupu na gunzi lake. Nikakimbilia masokoni kutafuta walau moja ya zile nilizouza, lakini zote nilikuwa nimeziuza changa, na changa haina mbegu ya kuota. Ndipo nikaelewa nimemzika mama mara ya pili, na mara hii ni mikono yangu iliyochimba. Mtaka yote hukosa yote. Nilikuwa ninaisikia methali ile tangu utotoni, nikidhani wanamsema mtu mwingine.

Byamungu ndiye aliyenihurumia, kwa namna yake. Akanikuta pale juu ya jiwe. “Patron,” akasema, “nyuma ya jiko la Bibi Feza nimeona kitu cheupe. Lakini kule watu hawaendage na mikono mitupu. Uko na majivu?”

Majivu! Nilitoka mbio mpaka nyumbani. Jiko langu lilikuwa limepoa miezi mingi. Kuku wa jirani alikuwa ametaga mayai katikati ya mafiga, na aliniangalia kama minye ndiye mgeni. Nikaenda kuomba majivu kwa yule mama wa resitora, akanicheka hadi akashika kiuno. Akaniuliza tangu lini mtu anapeleka majivu ya jiko la mwenzake. Anayepeleka majivu anapeleka ushahidi kwamba naye ana nyumba, anapika, anaweza kumlisha mtu. Hilo sikuwahi kulifikiria. Nikarudi, nikamhamisha kuku na mayai yake, nikawasha moto. Siku nne nilipika maharagi kwa kuni, na siku nne niliyaunguza. Siku ya tano nikajaza kopo.

Nilimkuta Bibi Feza uani anapukuchua mahindi. Nikapiga hodi, nikapiga goti, nikaweka kopo mbele yake. Akatia kidole kwenye majivu, akakinusa.

“Umepika nini?”

“Maharagi, Bibi.”

“Yaliungua.”

“Yaliungua, Bibi.”

Akaendelea na mahindi yake mpaka gunzi likabaki tupu. Goti likaniuma, na sikuthubutu kulibadilisha. Aliye juu mngoje chini. Yeye aliningoja, na sasa nilikuwa chini kabisa.

“Weye ulizani mama yako ndiye alizaa ile mbegu?” akaniuliza. “Aliiombaka hapa kwangu. Alikuja na kopo kama hili, weye uko mugongoni unalia. Na minye niliiombaka kwa mutu mwingine. Kitu chenye kiko kwako peke yako, kikikufa kimekufa. Chenye kiko kwa watu, ukikipoteza unaenda kukiuliza. Sasa ile yako iko kwa nani?”

Machozi yalinitoka, na sioni haya kukuambia, maana tangu hapo sijalia tena kwa sababu ya shamba.

Akaniinua, akanipeleka nyuma ya jiko. Pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, kulikuwa na mashina mawili ya nyanya za mama, yamejaa. Lile gao alilookota barabarani, alilizika mizizi yake kwenye tope, lote likafa isipokuwa hayo mawili. Na alikuwa ameziacha zingine ziive mpaka zikawa nyekundu. Akanichumia tatu. Akaniambia mbegu ni zangu, lakini miche ya kwanza itaenda kwenye kila nyumba niliyoifukuza, nami nitaibeba mwenyewe, kichwani, mchana kweupe.

Niliibeba. Nilipita Nyakabere na beseni kichwani kama mwali anayepeleka zawadi, na vijana wenzangu wakatoka kunitazama. Byamungu alikaa mlangoni akiuliza kwa sauti leo biashara imekuwa nini. Lakini kila nyumba ilipopokea fungu lake, mama wa nyumba aliingia jikoni akatoka na kopo la majivu. Hakuna aliyeninyima. Nilirudi kwangu nimejaa majivu mpaka kope, mweupe kama mtu wa kinu cha unga.

Sasa nyinyi vijana mnasema soko litajaa. Haya, nikujibu, maana hili ndilo linalonichosha zaidi. Msimu uliofuata bonde zima lilikuwa na nyanya nyeupe, na ndipo lori la kwanza kutoka Bukavu likaja kuzifuata. Lori haliji kwa kapu moja, mwanangu! Nilipokuwa nazo peke yangu niliuza kwenye beseni. Tulipokuwa nazo wote, nikapata bati la bluu. Hilo unataka nikuandikie ukutani?

Na mwaka jana mnyauko uliingia shambani kwangu, ukaua kila shina. Minye huyu, mwenye geti la chuma, nilijaza kopo kutoka jikoni kwangu nikaenda kwa Byamungu. Alinichelewesha makusudi, mzee mbaya yule, akaninusia majivu kama Bibi Feza. Kisha akanifungia miche, tena mingi. Bibi Feza ametutoka siku nyingi. Nyanya zake hazijatutoka.

Kwa hiyo ninakuambia bila mafumbo. Usimimine kichupa chote siku moja. Acha za mbegu kwanza, sio mwisho. Miche inayobaki mpe jirani, hata yule anayekucheka, kwa sababu shamba la jirani ndilo ghala lako ambalo mto wako hauwezi kulifikia. Na hata ukitajirika namna gani, jiko lako lisipoe.

Ile miche ya kabeji ya juzi haikuoza. Niliinama nikaiokota yote, mgongo huu unavyouma, nikaipanda nyuma ya jiko langu Rugenge, penye maji ya vyombo. Ukimwona yule kijana, mwambie Mzee anamngoja, aje na kopo la majivu ya jiko lake. Mungu amjalie moto wa kwake na jirani wa kumwomba, na weye vilevile, mwanangu. Maharagi yako yaungue mara chache, na siku utakayopiga hodi kwa watu, mkono wako usiwe mtupu.