Msusi Aliyesoma Shingo

Kwa miaka ishirini na sita msusi huyu amezijua habari za watu kupitia vichwa vyao. Aliyekosa usingizi humjua kwa macho, lakini mwenye hofu humjua kwa shingo. Ni mwanamke mrefu, si msemaji sana, na kitana chake hakiazimwi.

Asubuhi moja aliketi mbele yake mwalimu wa shule ya jirani, mjamzito wa miezi minane na ushee, akisindikizwa na wifi yake mcheshi. Mwalimu alitaka mistari midogomidogo, "nijifungue nikiwa nadhifu." Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alishamwonya: safari hii, uchungu ukianza tu, aje mbio, kovu la zamani lisije likafumuka.

Kwenye mstari wa tatu shingo ikakakamaa chini ya vidole, kisha ikalegea. Mstari wa tano, tena. Wa saba, tena. Kila mstari humchukua dakika nne, hakuhitaji saa kujua kuwa ni kila dakika nane.

"Mgongo unakuuma, mwalimu?"

"Kiti chako hiki, dada. Kimechoka kuliko mimi."

"Bado wiki tatu," wifi akadakia. "Msimharakishe mtoto wa watu!"

Msusi hakubishana. Alimpa mwalimu maji, akamtembeza mpaka mlangoni na kurudi, mara kadhaa. Maumivu ya kupita huwa yanatulia mtu akijinyoosha. Haya hayakutulia. Yalianzia kiunoni yakazunguka mpaka tumboni, na sasa yalikuja kila baada ya dakika sita. Akamwinamia sikioni.

"Leo chooni hukuona kitu?"

Mwalimu akanong'ona. "Ute mzito, una michirizi ya damu. Nikajua ni mambo ya mimba tu."

Msusi akaweka kitana mezani. "Inuka, twende hospitali."

"Na nusu kichwa?"

"Mtoto haji kukagua nywele."

Wifi alicheka, kisha akauona uso wa msusi, akatoka mbio kutafuta teksi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waliambiwa warudi kesho. Mmoja alinuna, akaachwa anune.

Hospitalini mkunga alimpima mwalimu, akakuta njia imeanza kufunguka. Kabla ya adhuhuri akaingizwa chumba cha upasuaji bila purukushani, na mtoto wa kike akatoka akipiga kelele kama anayedai haki yake.

Mkunga alikuja mpaka kwenye benchi la nje. "Nani aliyeutambua uchungu wake mapema hivi? Wengi hutuletea mambo yakishaharibika."

Wifi akamsukuma msusi begani. "Huyu hapa!"

"Umesomea wapi, mama?"

Tangu aache shule, hakuna mtu mwenye sare nyeupe aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alisimama, akanyoosha kanga kiunoni, akajibu kwa sauti iliyofika mwisho wa korido:

"Mimi ni msusi."