Kaka Anamtafunia Bibi Majani

Admin, naomba ufiche jina langu. Hili sijawahi kumwambia mtu: kaka yangu wa damu ananitia kinyaa, kiasi kwamba kikombe alichonywea siwezi tena kukitia mdomoni.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, kidato cha tatu, naishi na mama, bibi na kaka upande wa Mlalo. Si mwongeaji. Hata darasani jibu nalijua lakini mkono hauinuki.

Bibi magoti yalimshinda. Sisi Wasambaa majani tunayaamini, hospitali huja mwisho. Basi kaka alipoleta "dawa ya msituni", hakuna aliyeuliza ni mti gani. Na kwa kuwa bibi hana meno, kaka humtafunia. Nilimwona kwa macho yangu, ute wa kijani umemganda pembeni mwa midomo, akatoa donge kwa vidole na kumwekea bibi shavuni. Nilitoka nje nikatapika kwenye shamba la maharage.

Bibi akaanza kulima matuta ya viazi kama binti. "Huyu ndiye daktari wangu! Wewe na vitabu vyako umeniponya nini?" Mama akacheka. Nami nikacheka, kwa aibu.

Lakini yale majani niliyajua. Ni mirungi. Tumesoma kwamba neva hazigusani. Kati yake kuna upenyo mdogo, na ujumbe huvuka kwa kemikali. Mirungi inazilazimisha kemikali hizo kumwagika kwa wingi, kama mtu anayefungulia bwawa lote la kumwagilia kwa mara moja. Uchovu haujaondoka, hausikiki tu, na magoti yanazidi kusagika. Moyo nao unaamriwa kukimbia. Bwawa likikauka bibi hali, halali, analia bila sababu mpaka apewe tena.

Nikamfuata kaka bandani. "Kaka, hiyo ni mirungi. Itamuua bibi."

Akatabasamu na meno yake ya kijani. "We mwanafunzi, moyo wa bibi umeusomea wapi? Haya, kaseme. Mimi nifungwe, bibi arudi kitandani. Chagua."

Ndugu zangu mnaosoma hapa, ninyi mngechagua nini? Mama akinilaani nitamjibu nini? Niambieni, hata kwa kunigombeza, maana majibu yenu sikuweza kuyasubiri.

Leo asubuhi nilimwamkia bibi, "Shikamoo bibi," nikamshika mkono. Mapigo yalikuwa yanakimbia kama ya kuku aliyekamatwa. Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Hiyo ni mirungi, na mimi nampeleka bibi zahanati." Kaka akatoka bila viatu. Mama akakaa chini. Nikakinga kiganja mbele ya mdomo wa bibi, naye akatema donge alilotafuniwa.

Lilikuwa la moto, linateleza. Sikulitupa. Nililibeba mkononi njia nzima, bibi akiegemea bega langu, nikamwonyesha nesi.