Pole ya Ziyad

Katika duka la kinyozi Fawaz, kule Lanham, Jumapili za Julai siku hizi zinapita kimya. Hakuna tena anayeomba televisheni ihamishwe kutoka kwenye kandanda ili waonekane wanaume wa Ayalandi wakikimbiza mpira kwa magongo.

Aliyekuwa akiomba ni Ziyad, mtu wa Malindi, asiye na mke, kazi yake kutunza wazee majumbani mwao. Kwa miaka mingi alimtunza Donal, mgane wa Kiayalandi aliyeishi peke yake College Park. Donal ndiye aliyemfundisha mchezo huo, wenyewe wanauita hurling: mpira ukiingia wavuni ni pointi tatu, ukipita juu ya mwamba ni moja, na mtu huchezea kaunti ya kwao, hanunuliwi. Fawaz aliposikia hilo la kaunti, wembe ulimsimama mkononi.

"Kaunti gani tena, sheikh? Prince George's, kaunti yetu hapa, nao wamo?"

Duka zima likacheka. Ziyad naye akacheka, lakini tangu siku ile hakueleza tena.

Yeye alimfundisha Donal neno moja. Kila alipomwinua kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu alimwambia, polepole, mzee. Ulimi wa Donal ulishika nusu tu. "Pole," angesema, akijishikilia shingoni mwa Ziyad, na maana yake kwake ilikuwa hiyo tu: tusikimbie, muda upo.

Kisha kaunti ya Donal ikafika fainali, mara ya kwanza tangu mkewe alipokuwa hai. Wakati huo kitanda kilikuwa kimeshahamishiwa sebuleni, na daktari alikuwa amesema yake. Donal akamwambia Ziyad hana haja na kingine duniani, ila kuiona kaunti yake ikishinda.

Jumapili ya fainali haikuwa zamu ya Ziyad. Alikwenda hivyo hivyo. Kipindi cha pili kilipoanza, mzee alilala, na Ziyad akabaki na fainali ya watu wengine, mkono wa mtu mwingine ndani ya mkono wake. Kaunti ilishindwa kwa pointi moja. Akazima televisheni.

Donal akafumbua macho. "Tumeshinda?"

Kudanganya hakuweza. Kiingereza nacho kilimkimbia, na likamtoka lile neno ambalo kwao mtu aliyefikwa na jambo huambiwa kwanza.

"Pole, mzee."

Uso wa Donal ukalegea. "Vizuri," alisema. "Basi muda bado upo."

Ziyad akaelewa alivyoeleweka. Alifungua kinywa amsahihishe, akamwona alivyotulia, akakifunga.

Jumanne Donal akafariki. Mechi yake ilikuwa haijaisha.

Jumapili iliyofuata, kwa Fawaz, walimpa Ziyad mkono wa rambirambi, wakamwambia asihofu, wazee ni wengi, kazi atapata. Walisema kwa wema. Alitaka kumuuliza mtu kama amemdanganya yule mzee au hakumdanganya, lakini ingebidi aanzie kwenye kaunti, kwenye magongo, kwenye pointi moja. Akanyolewa, akaaga.

Sasa yuko Columbus, Ohio. Anapakia maboksi kwenye ghala la viatu.